Sentensi Moja Isiyo na Mwenyewe

Simu ya Halima iliniingia saa nne asubuhi nikiwa dukani kwangu Lanet, nikimfundisha mwalimu mstaafu jinsi ya kuweka nambari za kurasa kwenye kompyuta. Mamake alikuwa amefariki alfajiri. Nilifunga duka, nikachukua leso, nikafika Bondeni saa nane, na tayari wanaume walikuwa wamerudi kutoka makaburini. Hapakuwa na picha iliyobandikwa ukutani, wala kijitabu, wala mtu aliyesimama kusoma shule alizosomea marehemu. Mimi ni mtu wa Keringet. Kwetu mazishi huchukua wiki nzima ya mikutano, na mtu akizikwa bila kijitabu cha rangi majirani huuliza kama familia ilikuwa na ugomvi. Niliketi mkekani na akina mama, nikala wali niliopewa, nikawaza kwamba mwanamke huyu alichapa vijitabu vya mazishi vya nusu ya mji, na chake hakipo. Nikawaza pia, kwa aibu, kwamba sasa sitawahi kujua ni marehemu gani niliyempoteza mwaka ule niliofanya kazi kwake.

Wateja wangu wengi ni watu wenye kazi zao binafsi. Huyu anaandika historia ya ukoo, yule anaweka orodha ya ng'ombe wake, mwingine ana mashairi ambayo hataki mkewe ayaone. Wote huniuliza swali lile lile: nibaki na programu za zamani ninazozijua, au nihamie hizi mpya? Wanatarajia nitaje moja. Mimi huwauliza kama wameweka nakala ya kazi yao mahali pengine, na wengi huondoka wakidhani nimewakwepa. Hawajui kwamba swali hilo lilinigharimu mwaka mzima.

Ofisi ya Mama Halima ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na mwaka mzima nilinuka chakula cha kuku hata Jumapili kanisani. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama mapaa ya mabati na Menengai nyuma yake, mashine mbili, printa yenye hasira, na kiti cha wateja kilichokuwa kimekaliwa na wafiwa wengi hadi kikalegea upande mmoja. Nilifika pale mwezi wa pili, nikiwa na miaka ishirini na sita, cheti cha kompyuta na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Mama Halima alikuwa ametoka eda wiki hiyo hiyo. Sikujua eda ni nini. Mwenye duka la chini ndiye aliyenieleza kwamba mumewe, Mzee Athumani, alikuwa amefariki, na kwamba mjane alikuwa amekaa nyumbani miezi minne na siku kumi kama dini yao inavyotaka. Nikampa pole, akasema asante, akanionyesha mahali pa kuweka mkoba. Nilidhani hayo yameishia hapo. Siku hizo nilifikiri pole ni kitu unachotoa mara moja tu.

Mashine yake ilikuwa na programu za zamani, zile zenye menyu za maneno matupu juu na vitufe vidogo vya kijivu. Alizijua kwa vidole. Kipanya alikigusa kwa lazima tu, na wasifu wa marehemu wa kurasa nne aliumaliza chai yangu ikiwa bado moto. Mashine yangu ilikuja na programu mpya, ndiyo kwanza zinaingia mjini, zenye utepe mpana wa picha na rangi sehemu ya juu. Siku ya kwanza alisimama nyuma yangu akautazama utepe ule, mikono kiunoni.

"Hii ni ofisi ama ni duka la peremende? Print wameificha wapi?"

"Iko ndani ya hiyo duara, Mama. Hapo kwa kona."

"Mbona waifiche? Imefanya nini?"

Tulibishana hivyo kila siku, na nakiri nilimcheka sana nikiwa na wenzangu. Leo ningemtetea. Programu ya zamani ilifunguka papo hapo na ilikaa kimya ikakuacha ufanye kazi, ila ukiweka picha ya marehemu katikati ya maneno, maneno yalikimbilia kurasa nyingine na ungeyatafuta hadi saa ya chakula. Ile mpya iliishika picha pale ulipoiweka, ikakupa maua na fremu, na wafiwa waliipenda mara moja. Lakini ilichukua muda kuamka, iliuliza maswali katika visanduku vidogo kila baada ya dakika mbili, na ilichohifadhi kwa mtindo wake mashine ya zamani haikuweza kukifungua. Hilo la mwisho nililijua vizuri, nilikuwa nimelipata kwenye mtihani, na halikunizuia kitu.

Katika kazi ile hakuna anayeanza na ukurasa mtupu. Unafungua kijitabu cha marehemu wa mwisho, unafuta jina lake, unaandika jina jipya palepale, kisha unabadilisha shule, watoto na wakwe. Ndiyo sababu marehemu wote wa Nakuru walikuwa wacha Mungu, wapenda watu, na waliugua kwa muda mfupi. Jambo hilo lilimkera Mama Halima. Kwa hivyo, kwa miaka mingi, alikuwa na faili lake mwenyewe katika programu ya majedwali, faili aliloliita Watu. Upande wa kushoto aliandika jina la marehemu, upande wa kulia sentensi moja. Halikuwa la kazi wala la kuuza. Sharti lake lilikuwa kwamba sentensi itaje kitu ambacho mtu huyo alikuwa akikifanya, kitu ambacho ungekiona kama ungekuwapo. Asipokipata kwenye karatasi walizoleta, aliwageukia wafiwa. "Achaneni na shule kidogo," alikuwa akisema. "Huyu mtu akifika nyumbani, alikuwa anafanya nini kwanza?"

Nilizoea kusikia majibu nikiwa nimewapa mgongo. Familia iliingia ikigombania ni jina la mke yupi litangulie, na baada ya swali hilo mmoja akaanza kucheka. Mwalimu mmoja aliandikiwa barua ya uchumba, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu na kuirudisha. Mama mmoja wa kwetu Keringet kila msimu alipeleka viazi vya kwanza kwa jirani ambaye hakuwa akisalimiana naye, akaviacha mlangoni. Mwanajeshi mstaafu wa Lanet alitandika kitanda cha hospitali mwenyewe asubuhi aliyofariki, akakunja pembe zote nne. Nilizisikia sentensi hizo na kuziona kama mapumziko ya mama mzee kati ya kazi na kazi. Jedwali lenyewe liliniudhi kwa sura yake. Herufi zilikuwa ndogo, hakukuwa na rangi, na majina hayakufuata mpango wowote niliouona.

Ramadhani ilipofika nilianza kula chakula changu cha mchana kwenye ngazi, kwa heshima. Siku ya tatu alinifuata na mlango akauacha wazi. "Rudi ndani, Chebet. Hiyo githeri yako ndio itanifungulisha?" Nikarudi, nikala mbele yake huku akiniuliza kama nimeweka chumvi. Nadhani ni siku ile nilipoanza kumpenda, na kwa sababu nilimpenda nikaamua kumfanyia zawadi ya Idd. Alipofunga kazi kwa siku tatu za sikukuu, nililichukua faili la Watu kwa flashi, nikalihamishia mashine yangu, na lile la zamani nikalifuta kwenye mashine yake ili kusiwe na uchafu. Nikakuza herufi. Nikapaka mistari kijani hafifu. Halafu nikaona majina hayafuati alfabeti, nikaichagua safu ya majina, nikabonyeza kitufe cha kupanga. Kisanduku kidogo kikatokea kikiuliza kitu. Sikukisoma; nilikibonyeza kama nilivyovibonyeza vyote. Majina yote yakajipanga vizuri kutoka Abigael hadi Zipporah, na sentensi zikabaki pale pale zilipokuwa. Nikahifadhi, nikachapa, nikafunga kwa waya wa plastiki na jalada la kijani. Sikusoma hata mstari mmoja. Nilikuwa nikitazama herufi.

Alikipokea kitabu kwa mikono miwili. Alikifungua, akakigeuza kukitazama jalada, akakiweka kifuani, na macho yake yakajaa. Kabla hajapata nafasi ya kukisoma akaingia mjane mmoja kutoka Salgaa, aliyetaka kuchapa kadi za kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu mumewe afariki. Mume huyo alikuwa dereva wa lori, na sentensi yake ilikuwa kwamba hakumpita mtu aliyebeba kuni barabarani bila kusimama. Mama Halima alitaka kumsomea mjane sentensi hiyo kutoka kwenye kitabu kipya. Akatafuta jina, akalipata upesi kwa sababu ya alfabeti yangu, akasoma kwa sauti: "Alinyonyesha watoto wa majirani pamoja na wake."

Printa ilikuwa ikinguruma. Ilipomaliza, mjane akasema polepole, "Mathe, huyo si wangu."

Mama Halima aligeuza ukurasa, akasoma kimya, akageuza mwingine. Niliona uso wake ukibadilika ukurasa kwa ukurasa. Mwanajeshi alikuwa na viazi vya mama wa Keringet, na mwalimu alikuwa akishona sare za kwaya. Alimwomba mjane msamaha, akamtajia sentensi ya mumewe bila kitabu, neno kwa neno, na mjane akaitikia kwa kichwa akilia. Alipokwenda, Mama Halima akanigeukia.

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Nilifuta."

"Umefuta kabisa?"

"Kabisa, Mama. Nilitaka isikuchanganye."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikwenda kuswali Alasiri, nami nikabaki nikihesabu nguo zangu kichwani na siku nitakayorudi Keringet. Aliporudi alivuta kiti cha wateja, kile kilicholegea, akakiweka karibu na changu. "Kuanzia kesho, kila siku baada ya Alasiri," akasema. "Wewe utasoma sentensi, mimi nitasema ni ya nani. Na usisome kama redio. Soma pole pole."

Tulifanya hivyo kuanzia Idd hadi Desemba. Wateja walijua kwamba kuanzia saa kumi hatupokei kazi. Marehemu wapya aliwaandika daftarini, wasiingie kwenye faili kabla ya hawa kurudi. Aliteremsha chupa ya chai ya tangawizi, akafungua karatasi ya mahamri ambayo alikuwa amekaanga asubuhi, nami nikasoma. Kuna siku tulirudisha watu kumi, kuna siku mmoja tu. Hakunitajia jina akaishia hapo. Alikumbuka aliyekuja kuleta kazi, alivaa nini, nani alilia na nani hakulia, kama siku hiyo mvua ilinyesha. Majina hayakuwa ovyo kama nilivyodhani. Yalifuata mpangilio wa kufa, na kwa mpangilio huo aliwakumbuka, huyu kabla ya yule. Nilikuwa nimechapa vifo kwa miezi minane na sikuwahi kumsikiliza mfiwa hadi mwisho. Kufikia mwezi wa kumi na moja nilikuwa nimeacha kuwapa wateja mgongo, na nilianza kuuliza swali lake mwenyewe, kwa sauti yangu. Nikichelewa kurudi kutoka benki au posta, nilimkuta amekwisha mimina chai vikombe viwili na kuufungua mlango. Nilidhani ni adhabu, na niliona ni ya haki.

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi tulimaliza. Majina yalikuwa mia nne na kumi na mawili, na kila jina lilikuwa na sentensi yake. Lakini sentensi zilikuwa mia nne na kumi na tatu. Chini kabisa ilibaki moja, na kushoto kwake palikuwa patupu: "Alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kufungua mlango, nisishtuke."

"Hii ni ya nani, Mama?"

Alianza kukusanya vikombe. "Iache tu."

"Lakini ni mtu."

"Najua ni mtu. Iache, Chebet."

Nilielewa kwa namna moja tu. Katika kuchezea faili nilikuwa nimefuta jina la marehemu, mtu mzima aliyekuwa na mlango na mtu wa kumsubiri nyuma yake, na Mama Halima hakutaka kunivunja moyo. Mwezi wa kwanza nilipata kazi ya ukarani na nikaondoka. Niliondoka na nakala ya faili kwenye flashi. Nimebadilisha programu mara nyingi tangu hapo: zile za utepe, zilizozifuata, za kulipia kila mwezi, na sasa hii ya bure ninayoitumia dukani. Kila mara, kabla ya kazi yoyote, nimelifungua kwanza lile faili na kuhesabu. Mia nne na kumi na mbili, mia nne na kumi na tatu. Wengine wakisifu programu mpya kwa kasi yake, mimi nilizipima kwa mstari huo wa mwisho. Nilimtembelea Mama Halima kila Idd, nikanywa chai yake, na sikuthubutu kumuuliza tena.

Baada ya arobaini Halima alikuja Lanet. Mwaka ule alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyepitia ofisini kuomba nauli. Siku hizi ni nesi, na ana mwendo wa mamake. Alikuwa na mfuko wa disketi alizozitoa kwenye kabati la chumbani. "Sijui kama ni takataka," akasema. "Nimeona nikuletee wewe kwanza." Niliazima kisomeo cha disketi kwa fundi mmoja mjini. Nyingi zilikuwa zimeshika ukungu. Ya sita ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena, na jina likatokea kwenye kioo: Watu. Programu yangu ya bure ililifungua bila kulalamika. Herufi ndogo, hakuna rangi, majina kwa mpangilio wa kufa, na kila mmoja na sentensi yake. Nilishuka hadi chini mara tatu. Mia nne na kumi na mbili, kushoto na kulia. Sentensi ya kikohozi haikuwamo.

Nikamwambia Halima yote, kuanzia jalada la kijani. Alinisikiliza huku akipanga disketi mezani.

"Lakini hiyo disketi ilikuwako," akasema. "Mama alikuwa anacopy kila Ijumaa kabla aende msikiti. Nilimuuliza, mbona usimwambie Chebet uko nayo? Akaniambia, 'Akijua, ataacha kukaa.'"

"Kukaa wapi?"

"Kukaa na yeye. Baba alikuwa anamkujia saa kumi, kila siku, wanaenda nyumbani pamoja. Baba alipokufa hiyo saa kumi ndio ilikuwa inamshinda."

Niligeuza kioo nikamwonyesha faili langu, mstari wa mwisho, ule uliokosa jina. Halima aliusoma. Aliinua ngumi akaiweka mdomoni, akakohoa mara mbili, kavu, kama mtu aliyesimama nje ya mlango. Halafu akaanza kulia, nami nikalia naye, kwa sababu kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemwombea mtu niliyedhani nimemfuta, kumbe alikuwa Mzee Athumani. Hakuzikwa na kijitabu. Mkewe alimtafutia nafasi katikati ya makosa yangu, alasiri moja nisiyoijua, pengine nilipokuwa posta.

Niliandika jina lake kushoto. Kisha nikashuka mstari mmoja, nikaandika jina kamili la Mama Halima, nikamuuliza bintiye swali ninalowauliza wote. Halima akatikisa kichwa. "Andika wewe. Wewe ndio ulikaa na yeye." Nikafikiri kidogo, nikaandika: "Alikuwa na disketi kabatini, akanyamaza, apate mtu wa kunywa naye chai saa kumi."

Halima aliisoma, akacheka huku akijipangusa macho, akasema iko sawa. Nilipobonyeza kuhifadhi, kisanduku kidogo kikatokea kikiuliza kama nataka faili libaki kwa mtindo wa zamani au liende kwa mpya. Tulikisoma chote, sote wawili, neno kwa neno, kabla ya kugusa kitu.